Ellen Terry: waume watatu, watoto wawili, na hesabu inayowachanganya watu

Ukisoma habari za Ellen Terry kwa haraka unakutana na hesabu isiyokaa sawa. Aliolewa mara tatu. Alizaa watoto wawili. Na katika hao waume watatu hakuna hata mmoja aliyezaa naye, alafu jina la ukoo la wale watoto si la baba yao, si la mama yao, wala si la mume yeyote. Na huyohuyo mama, kwenye Uingereza ya Malkia Victoria ambako mwanamke akizaa nje ya ndoa alifungiwa milango hadi na ndugu zake wa damu, ndo alikuwa mwigizaji wa kike anayependwa kuliko wote nchini, na mwisho akapewa nishani na mfalme. Wengi wakifika hapo wanahitimisha kwamba alikuwa mtu wa vituko tu. Mimi sikubali kabisa, na ndo maana naandika.

Niseme kwanza nilimfikiaje. Ni kwa sababu ya Portia. Sisi tuliosoma Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 ya igizo la Shakespeare, tunamjua Portia vizuri, binti aliyevaa nguo za kiume akaenda kusimama mahakamani kama mwanasheria akamshinda Shailoki kwa hoja ya ratili ya nyama bila tone la damu. Sasa ukianza kuuliza ni nani aliyemcheza Portia mpaka watu wakawa wanasimuliana mtaani, jina linalorudi ni hilohilo, Ellen Terry, London, 1875 alafu tena 1879. Toka hapo sijamwacha.

Kosa ninaloliona kwa wanaomsimulia ni kwamba wanaanza na wanaume. Wanapanga mume wa kwanza, mpenzi, mume wa pili, mume wa tatu, na kazi wanaichomeka katikati kama mapambo. Geuza. Anza na jukwaa na mshahara, alafu uone kila kitu kinavyojipanga.

Ellen alizaliwa tarehe 27 Februari 1847 mjini Coventry, wazazi wake wote wawili waigizaji wa kuhamahama, leo mji huu kesho mji ule, watoto wakizaliwa njiani, na walizaliwa 11. Hakuenda shule ya maana. Shule yake ilikuwa Princess's Theatre pale London chini ya waigizaji Charles Kean na mkewe, ambako mwezi wa nne 1856, akiwa na miaka 9, alitoka jukwaani kwa mara ya kwanza kama mtoto Mamillius wa igizo la Shakespeare, The Winter's Tale, Malkia Victoria mwenyewe akiwa ameketi kutazama. Alikuwa anavuta kigari cha kuchezea, akajikwaa nacho, akaanguka chali mbele ya malkia. Alilia sana. Lakini kesho yake alirudi kazini. Bi Kean ndo alimnyoosha kwenye matamshi, akimwimbisha irabu, a, e, i, o, u, kila moja isimame peke yake isimezwe, na watu waliomsikia Ellen uzeeni walikuwa bado wanasifia jinsi neno lilivyofika mpaka kiti cha mwisho cha juu kabisa.

Mwaka huohuo akacheza Puck, yule kijini mtundu wa igizo lingine la Shakespeare, na mwishoni Puck anatakiwa kuibuka kutoka chini ya jukwaa kupitia mlango wa sakafuni aseme maneno ya kufunga. Usiku mmoja mlango ukajifunga kabla mguu haujatoka. Ukambana kidole gumba. Mtoto akapiga kelele, dada yake Kate aliyekuwa pale jukwaani akapiga mguu sakafuni kumpa ishara yule fundi wa chini, fundi akaelewa vibaya akaubana zaidi. Ilibidi waung'oe. Bi Kean akaja mbio akamwambia malizia mwanangu, ukimalizia mshahara wako naufanya mara mbili. Mshahara ulikuwa shilingi 15 kwa wiki. Mtoto wa miaka 9, kidole kimevunjika, ameshikiliwa huku na huku na wenzake, akasema mistari yake yote mpaka mwisho, na kweli ikawa shilingi 30. Mimi naamini ukielewa huo usiku umemuelewa Ellen karibu wote. Kazi inaisha kwanza, maumivu baadaye, na pesa inaingia nyumbani.

Sasa tuje kwenye ndoa. Tarehe 20 Februari 1864, wiki moja kabla hajatimiza miaka 17, aliolewa na mchoraji George Frederic Watts ambaye siku tatu baadaye alitimiza 47. Ndiyo, ni hivyo. Watts alikuwa mchoraji mkubwa, mwenyewe alikuwa na wazo kwamba anamuokoa binti na vishawishi vya jukwaani, kwa hiyo kazi ikasimama. Kuna picha aliyomchora mwaka huo, iko kwenye jumba la picha la taifa pale London, na ukiiangalia vizuri inasema mengi. Ellen amevaa gauni la harusi, ameinua uso ananusa ua kubwa jekundu la kamelia, ua la kuvutia macho ila halina harufu, na mkono mwingine ameushikilia kifuani una maua madogo ya zambarau ambayo ndo yana harufu yenyewe. Watts aliita picha hiyo Kuchagua. Ua kubwa ndo dunia na umaarufu, yale madogo ndo wema na utulivu, na yeye mzee ndo amemwekea mtoto mtihani huo. Nyumba yenyewe waliyoishi haikuwa ya kwao, ilikuwa ya marafiki wa mumewe ambao walimuona Ellen kama kitoto kisicho na adabu. Haikufika mwaka, akarudishwa kwa wazazi.

Na hapa ndo fundo la kwanza lilipofungwa, kwa hiyo twende taratibu. Walitengana ila hawakuachana kisheria. Watts alikubali kumlipa pauni 300 kwa mwaka kwa sharti kwamba aishi maisha ya usafi, yani asionekane na mwanaume mwingine. Sheria ya talaka ya Uingereza wakati ule ilikuwa ya 1857, na ilikuwa inampa mume haki ya kuomba talaka kwa kuthibitisha uzinzi wa mke tu, lakini mke akitaka talaka, uzinzi wa mume peke yake hautoshi, lazima aongeze na kosa lingine kama ukatili au kutelekezwa. Ellen hakuwa na cha kumshtaki Watts. Kwa hiyo ufunguo wa hiyo ndoa ulikuwa mfukoni mwa Watts peke yake, na Watts hakuwa na haraka.

1868 Ellen akaondoka London bila kuaga, akaenda kuishi shambani Hertfordshire na Edward William Godwin, msanifu majengo, mtu mwenye kipaji kikubwa sana cha majengo, fenicha na maleba. Alivyotoweka ghafla hivyo, ukaokotwa mwili wa msichana kwenye mto Thames, na baba yake akautambua kuwa ni wa Nelly wake, ndo jina walilomwita Ellen nyumbani. Ellen alisikia akakimbia London kuwaonesha yuko hai. Alafu akarudi kwa Godwin, na ndugu wakakata mguu kabisa kwenda kwake.

Miaka sita hiyo ya shambani alikuwa anaamka alfajiri, anapika, anafuga kuku na mbuzi, na akazaa Edith mwezi wa 12 1869 na Edward mwezi wa kwanza 1872. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba alikuwa na furaha. Kwa nini hakuolewa na Godwin? Jibu ni rahisi ukishajua hiyo sheria. Bado alikuwa mke wa Watts. Asingeweza. Na watoto wakazaliwa nje ya ndoa, na kisheria mtoto wa namna hiyo alikuwa kama hana ukoo, harithi, na hata wazazi wakija kuoana baadaye haikumsaidia kitu, maana sheria ya Uingereza ilikuja kuruhusu watoto kuhalalishwa na ndoa ya baadaye mwaka 1926 tu, na hata hiyo ya 1926 iliwaacha nje wale ambao wakati wanazaliwa mzazi mmojawapo alikuwa na ndoa na mtu mwingine. Yani watoto wa Ellen hakukuwa na mlango wowote uliowafungukia. Sio kwamba mama alikuwa mzembe. Mlango haukuwepo.

Pesa ya Godwin ikaisha. Wadai wakafika mpaka ndani ya nyumba kukamata vitu. Siku moja Ellen yuko njiani na kigari chake cha farasi, gurudumu limetoka, kasimama hapo barabarani, mara kundi la wawindaji wa mbweha likaruka ua wa miti, na mmoja wao akasimamisha farasi akashangaa, kumbe ni Nelly! Alikuwa Charles Reade, mwandishi wa riwaya na maigizo aliyemjua toka zamani. Akamwambia rudi jukwaani. Ellen akamjibu kwamba atarudi kwa pauni 40 kwa wiki. Reade akasema nakupa. Ndo hivyo alivyorudi 1874. Watu wanapenda kusema sanaa ilimuita, na ilimuita kweli, lakini siku ile kilichomtoa shambani ni watoto wawili na wadai ndani.

1875 ndo akacheza Portia mara ya kwanza, mandhari ikiwa imesanifiwa kwa ushauri wa Godwin. Igizo lenyewe lilianguka kibiashara, halikudumu, ila Ellen aliyekuwa na miaka 28 alitoka pale akiwa staa. Alisema hakuwahi tena kupata usiku kama ule, ile hali ya kuhisi hadhira nzima iko mkononi mwake. Na mwaka huohuo Godwin akaondoka nyumbani, na Januari 1876 akaoa mwanamke mwingine. Sasa ndo nasikitika kila nikifika hapa: Watts alikuja kukamilisha talaka 1877. Miaka 13 toka waoane. Ellen alipokuwa huru hatimaye, mtu aliyetaka kuolewa naye alikuwa tayari mume wa mtu.

Mwezi wa 11 1877, talaka ikiwa mbichi, akaolewa na mwigizaji mwenzake Charles Wardell, aliyejulikana jukwaani kama Charles Kelly. Watu wanaiona ndoa hii haina maana. Mimi naiona ina maana sana. Wazazi wake wakarudi kumkumbatia, nyumba za heshima zikamfungulia, watoto wakawa na jina la kuitwa mbele za watu. Na mshahara ulikuwa wake, maana sheria ya 1870 ilishampa mwanamke aliyeolewa haki ya pesa anayoitolea jasho, kabla ya hapo mume angeweza kuchukua kila senti. Kelly alikuwa mlevi, wakatengana 1881, akafariki 1885. Na lile jina la Craig ambalo watoto walikuja kulibeba lilitokana na Ailsa Craig, kisiwa cha mwamba kilichosimama peke yake baharini huko Scotland, Ellen alikiona akasema hilo ni jina zuri la jukwaani. Basi. Hawakuwa na ukoo, wakapewa mwamba.

Sasa twende mahali palipomfanya Ellen Terry awe Ellen Terry. Mwisho wa 1878 mwigizaji Henry Irving alichukua ukumbi wa Lyceum London na akamwajiri Ellen awe mwigizaji wake mkuu wa kike, na wakafanya kazi pamoja hadi 1902, miaka 24. Meneja wa biashara wa pale alikuwa Bram Stoker, yule aliyeandika Dracula. Igizo la kwanza ni Hamlet, tarehe 30 Desemba 1878, Ellen akiwa Ofelia, msichana anayerukwa na akili. Kujiandaa alikwenda kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kuwaangalia. Wengi aliowaona hawakumpa kitu, alisema walikuwa wanaigiza kupita kiasi! Akawa anaondoka, ndo akamuona msichana mmoja mdogo anatazama ukuta. Akasogea katikati ya msichana na ukuta aone uso wake. Uso ulikuwa mtupu kabisa, ila mwili wote ulionesha kwamba anasubiri, anasubiri, alafu ghafla akarusha mikono juu akakimbia chumba kizima kama mbayuwayu. Hicho ndo alichokwenda nacho jukwaani.

Alitaka Ofelia avae nyeusi kwenye ile sehemu ya wazimu, maana baba yake kafa. Akaagiza na nguo. Irving akaguna tu, ila mshauri wake mmoja akamvuta Ellen pembeni akamwambia, kwa mshtuko, kwamba kwenye igizo hili kunatakiwa mtu mmoja tu aliyevaa nyeusi, naye ni Hamlet. Akavaa nyeupe. Usiku wa kwanza aliona ameshindwa, akaondoka kabla pazia halijafungwa, akawa anazungushwa kwa gari la farasi kando ya mto huku na huku usiku ule. Kumbe London ilikuwa imempenda.

Hiyo stori ya nguo nyeusi ndo picha ya Lyceum yote. Ellen alilipwa pauni 200 kwa wiki, pesa ndefu mno kwa mwanamke wa wakati ule, Mabepari wa Venisi ya 1879 ilikwenda usiku 250 mfululizo, ziara za Marekani zilianza 1883 na kila zikirudi zilijaza kumbi. Lakini maigizo yalichaguliwa kwa kuangalia yana nini cha Irving. Shakespeare ana mhusika anaitwa Rosalind, binti mcheshi, mwerevu, mwenye maneno mengi kuliko mwanamke mwingine yeyote katika maigizo yake yote, na kila mtu alisema kaandikwa kwa ajili ya Ellen. Irving hakuwahi kuliweka lile igizo, kwa sababu halikuwa na nafasi kubwa ya kumtosha yeye. Ellen hakumcheza Rosalind hata siku moja maishani. Hili ndo linaloniuma kuliko zile ndoa zote. Bernard Shaw, aliyekuwa mhakiki wa magazeti kabla maigizo yake hayajavuma, alilipigia kelele hili gazetini miaka ya 1890, huku akiandikiana na Ellen barua kila mara, barua tamu sana, na kwa miaka mingi hawakuwahi kuonana hata ana kwa ana.

Alipopata nafasi aliijaza. Desemba 1888 alicheza mke wa Macbeth, mwanamke ambaye watu walizoea kumuona kama shetani, yeye akamfanya mke anayempenda mumewe hadi kwenye damu. Wengine walimpinga. Ila nguo! Ilikuwa gauni la kijani lililofumwa kwa uzi wa kijani na nyuzi za buluu zinazometa, lionekane kama vazi la chuma la askari na wakati huohuo kama magamba ya nyoka, na juu yake likashonewa mabawa halisi ya mbawakawa kama elfu moja hivi, yale magumu ya kung'aa rangi ya kijani, kila akipumua linawaka kwa taa za jukwaani. Mchoraji Sargent akamchora ndani yake, amesimama amejiinulia taji kichwani kwa mikono miwili, kitendo ambacho kwenye igizo hakipo. Picha iko Tate, jumba la sanaa la London. Gauni lenyewe lipo hadi leo, lilifanyiwa ukarabati, uzi kwa uzi, bawa kwa bawa.

Irving alipewa heshima ya Sir mwaka 1895, mwigizaji wa kwanza kuipata. Ellen alipata ya kwake, Dame, mwaka 1925, miaka 30 baadaye. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya wale watoto tu. Kuna jambo la msingi zaidi hapo: ile nishani inayompa mwanamke cheo kinacholingana na Sir ilianzishwa 1917. Mwaka 1895 hakukuwa na kitu cha kumpa hata mtu angetaka. Wananchi hawakusubiri, mwezi wa sita 1906, alipotimiza miaka 50 ya jukwaa, walimfanyia sherehe kwenye ukumbi wa Drury Lane iliyokwenda kutwa nzima, mwimbaji wa opera Caruso akaimba, mwigizaji Eleonora Duse akasafiri toka Italia, na ndugu wa ukoo wa Terry zaidi ya 20 wakapanda jukwaani naye. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 60, akaolewa Marekani na mwigizaji James Carew, mdogo wake kwa karibu miaka 30. Ikadumu kama miaka miwili mitatu, wakabaki marafiki. Sina cha kuongeza hapo.

Watoto wale wasio na ukoo ndo walikuja kubadilisha mambo. Edward Gordon Craig akawa mmoja wa watu waliofikiria upya jukwaa la Ulaya, alisanifu Hamlet ya Moscow na mwongozaji wa Kirusi Stanislavski 1912. Mama alitumia pesa zake mwenyewe kumpa nafasi, 1903 alikodi ukumbi mzima ili mwanae asanifu anavyotaka, akapata hasara kubwa, akaenda ziara za mikoani kuziba pengo. Edith akawa mwongozaji, akaanzisha kundi la Pioneer Players 1911, akapigania kura ya wanawake, na yeye na mwenzake Christopher St John ndo waliomshika mama mkono uzeeni.

Maana uzee ulimjia vibaya, macho yalififia na kumbukumbu ikaanza kuvuja. Mwaka 1919 alicheza yaya wa Juliet, na wenzake jukwaani walikuwa wanamnong'oneza mistari bila watazamaji kujua. Yule mtoto aliyeshikiliwa na wenzake ili amalizie maneno ya Puck, miaka 63 baadaye anashikiliwa tena namna ileile.

Alifia nyumbani kwake Smallhythe, Kent, tarehe 21 Julai 1928, nyumba ya zamani ya mbao aliyoinunua 1899. Alishaacha ujumbe, mistari ya shairi aliyoipenda, kwamba msiba wake usiwe na giza. Kwa hiyo watu walikuja kumzika wamevaa rangi, na wakulima waliokuwa wanakata nyasi siku hiyo walijipanga kando ya njia na zana zao mkononi wakati jeneza linapita. Nyeusi haikuvaliwa.